Baiskeli Si Aibu: Banda Letu Lirudishwe



Katika mkutano wa tawi uliopita tulisikia maneno ambayo hatuwezi kuyaacha yapite hivi hivi. Tuliuliza kwa nini katika orodha ya madai tunayompelekea mwajiri mwaka huu kuna mkopo wa gari, lakini hakuna hata mstari mmoja juu ya baiskeli. Tulijibiwa na mmoja wa viongozi wetu, tena mbele ya vijana walioandikwa kazi juzi, kwamba baiskeli ni chombo cha umaskini, na kwamba chama hakikuundwa ili kuwazoesha watu umaskini. Watu wakacheka. Sisi tunaokuja kazini kwa baiskeli hatukucheka, na kwa kuwa saa ya mkutano ilikuwa imekwisha, twamjibu leo kwa karatasi.

Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haina cheo. Mwenzetu anayekaa Pipeline au Kayole hulipa matatu shilingi 70 asubuhi na 100 jioni. Hiyo ni 170 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 4,420 kila mwezi, na hatujahesabu siku ya mvua ambapo utingo hupandisha nauli mpaka 150 huku akikutazama usoni bila haya, wala hatujamhesabu yule anayepanda matatu mbili. Sasa tazameni agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024: kibarua wa Nairobi aliwekewa kima cha chini cha shilingi 16,113.75. Toa 4,420 hapo. Zaidi ya robo ya mshahara imekwisha barabarani kabla ya mtu kununua unga, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya karo. Wenzetu watatu walinunua baiskeli kuukuu mwaka jana, na aliyelipa zaidi ya wote alitoa shilingi 9,500. Baada ya miezi miwili na siku chache baiskeli ile ilikuwa imejilipa, na tangu hapo zile fedha zinalala nyumbani kwake. Basi tumwulize kiongozi wetu: kati ya hao wawili, yule wa matatu na huyu wa baiskeli, ni nani anayezoeshwa umaskini?

Tena huo mkopo wa gari ni wa nani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yapite theluthi mbili za mshahara wa mtu. Wengi wetu tumekwisha kufika karibu na mpaka huo. Kuna SACCO, kuna mkopo wa karo, kuna benki. Hata mkopo wa gari ukitolewa kesho, karani wa mishahara ataangalia karatasi zetu na kutikisa kichwa. Watakaoupata ni wale wenye mishahara mikubwa, nao hawakosi njia ya kununua gari hata sasa. Kwa hiyo tutakuwa tumegoma, tumepiga kelele, tumelipa ada ya chama kila mwezi, ili bwana mkubwa abadilishe gari lake. Hatumwonei wivu. Twasema tu asiitwe mfanyakazi kwa jumla wakati dai ni la watu kumi.

Wafanyakazi wa reli wana sababu moja zaidi ambayo mtu wa ofisi hawezi kuijua. Kazi yetu haifuati jua. Zamu ya saa kumi na moja alfajiri haimngojei mtu. Gadi, dereva, pointiman na watu wa karakana wote wanatakiwa wawe wamefika, wamevaa, wametia sahihi. Saa tisa na nusu usiku matatu ni chache, na zilizopo zinangoja zijae. Mtu akichelewa dakika kumi na tano anaandikiwa barua, na barua tatu zinajulikana zinampeleka wapi. Zamani reli ilijenga landhi za Muthurwa karibu na stesheni, na mtu alikwenda kazini kwa miguu akiwa bado anatafuna. Hatuzisifu landhi zile: chumba kimoja kwa jamaa nzima, choo cha wengi, na nyapara akijua nani amelala na nani. Lakini zilikuwa karibu. Leo tunaishi Ruai, Githurai, Kitengela, mahali popote ambapo kodi inalipika, na umbali ule mwajiri hakuupunguza wala kuulipia. Sisi ndio tunaoulipia kwa miguu yetu.

Sasa lile la banda. Kuna mahali pa kazi katika jiji hili, na wanaofanya kazi hapo watapajua bila sisi kupataja, ambapo palikuwa na banda la mabati na vyuma vya kuwekea baiskeli 40. Lilijengwa na wazee waliotutangulia. Halikuwa zuri, lakini lilikuwa na paa, na lilikuwa karibu na lango ili askari alione. Siku moja likabomolewa na mahali pake pakawekwa kivuli cha magari kumi na moja. Tulipouliza baiskeli ziende wapi, tukaambiwa zifungwe kwenye ua wa nyuma. Huko nyuma mvua inanyesha juu yake, jua linapasua tairi, na ukuta ni mfupi. Baiskeli mbili zimekwisha ibiwa. Wenye baiskeli walipokwenda langoni kuuliza, askari alisema hana amri ya kuandika baiskeli katika kitabu chake, anaandika magari tu. Askari yule hatumlaumu. Naye huja kwa miguu. Lakini aliyempa kitabu bila safu ya baiskeli alijua anachofanya. Mali ya mtu isiyoandikwa haiwezi kupotea, kwa sababu haikuwapo.

Na jambo la kuumia njiani ni zito kuliko la kuibiwa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mfanyakazi akiwa kazini, na inamhesabu kuwa yuko kazini pia akibebwa bure kwa gari ambalo mwajiri amelitenga kwa kumpeleka na kumrudisha. Maana yake, anayepanda lori la kampuni akivunjika mguu pale Mombasa Road ana haki. Anayekuja kwa baiskeli yake mwenyewe, saa ile ile, barabara ile ile, kwenda zamu ile ile, akivunjika mguu hana. Mwenzetu mmoja aligongwa na pikapu alfajiri akija kazini, akalala hospitali wiki tano. Siku zile zilikatwa katika likizo yake, na likizo ilipokwisha zikakatwa katika mshahara. Tulimchangia sisi wenyewe kwa kofia. Je, hili si dai la chama? Sheria haimkatazi mwajiri kukubali zaidi ya inavyomlazimisha. Mapatano yetu yanaweza kusema kwamba safari ya kuja zamu na kurudi, kwa njia iliyo ya kawaida, itahesabiwa. Mstari mmoja tu katika mapatano! Lakini nani atauandika, kama wanaoandika wote huja kwa gari?

Yule ndugu alisema pia kwamba dunia inakwenda mbele na sisi twataka kurudi nyuma. Kama ni habari za dunia, nasi tumesoma kidogo. Baiskeli ya magurudumu mawili sawa na mnyororo, hii hii tunayopanda, ilitolewa na John Kemp Starley mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885, naye akaiita Rover. Kampuni yake ndiyo iliyogeuka baadaye kuwa ya magari, na mwaka 1948 ikatoa Land Rover, gari ambalo maofisa wote walilipenda. Tairi la upepo alilitengeneza Dunlop huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Henry Ford alipotengeneza gari lake la kwanza mwaka 1896 aliliwekea magurudumu ya namna ya baiskeli. Ndugu wawili Wright waliorusha ndege mwaka 1903 walikuwa mafundi wa baiskeli. Hata barabara nzuri, kule Uingereza, vyama vya waendesha baiskeli ndivyo vilivyoanza kuzidai kwa pamoja mwaka 1886, wakati gari lilikuwa halijulikani. Basi gari ni mjukuu aliyekua mnene akamfukuza babu yake barabarani.

Na wafanyakazi wenzetu wa nchi nyingine hawakuona aibu. Mwaka 1894 wafanyakazi wa Birmingham waliunda Clarion Cycling Club. Walikuwa wasomaji wa gazeti la kisoshalisti, na siku ya mapumziko walipanda baiskeli kupeleka karatasi za siasa ya wafanyakazi mpaka vijijini, ambako hakuna aliyekuwa akiwafikia. Ujerumani, mwaka 1896, katika mji wa Offenbach, wafanyakazi waliunda chama cha baiskeli kilichoitwa Solidarität, yaani Mshikamano. Kabla ya vita vya 1914 kilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000, nacho kikafungua kiwanda chake chenyewe cha baiskeli. Hitler alipotwaa serikali mwaka 1933 alikipiga marufuku pamoja na vyama vya wafanyakazi. Alijua baiskeli ni nini mkononi mwa mfanyakazi: inamfikisha mkutanoni bila kumwomba mtu nauli.

Wengine hutuambia, Hayo ni ya Wazungu, wao wamezaliwa na baiskeli. Si kweli. Uholanzi nako magari yalikuwa yamewasukuma watu pembeni. Mwaka 1971 waliuawa barabarani watu zaidi ya 3,000 katika nchi ile ndogo, na kati yao watoto zaidi ya 400. Wazazi wakatoka, wakafunga njia, wakalala juu ya lami, wakadai mauaji ya watoto yakome. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 serikali yao ikasikia haraka zaidi. Njia za baiskeli zinazopigwa picha leo zilitoka katika ugomvi ule. Hapa kwetu mwaka 2023 barabara ziliua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kupita yote ni la watu waendao kwa miguu. Nani alilala juu ya lami?

Tulipewa ahadi, ni kweli. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na ndani yake imeandikwa kwamba asilimia 20 ya fedha za barabara ziende kwao na kwa usafiri wa umma. Sera ni karatasi nzuri, tumeisoma. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu, ya kulipia, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, ambako baiskeli hairuhusiwi kukanyaga. Ya juu ni ya mwenye gari na pesa, nasi tumebaki chini ya nguzo pamoja na malori. Palipojengwa njia za baiskeli, kama Outering na Ngong Road, ukiingia utakuta gari limeegeshwa, kibanda cha nguo, pikipiki tatu zinakuja mbele yako na mwenye pikipiki anakutukana wewe. Akina mama wanaouza hapo hatuna neno nao, wanatafuta chakula. Na watu wa pikipiki ni wafanyakazi kama sisi. Wengi wao baba zao walibeba watu kwa baiskeli kule Busia kwenye mpaka, ambako jina la bodaboda lilianzia. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, jina na kazi vyote vikahamia kwenye petroli. Twasema tu: kumbe serikali ikitaka chombo kienee, inajua njia.

Sasa turudi kwa neno lile la chombo cha kale, maana hapo ndipo tulipoumia zaidi. Baiskeli nyingi tunazopanda ni kuukuu. Zipo Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, zenye breki za vyuma, ambazo zilimbeba katekista au mwalimu kabla sisi hatujazaliwa. Zipo Black Mamba za Kihindi. Mmoja wetu ana moja yenye gia tatu za Sturmey-Archer, zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na zinalia taratibu kama saa ya mezani; akipita nayo karakana nzima hugeuka, hata mabwana wanaojifanya hawaoni. Kwa nini tunazipenda? Si kwa sababu hatujui nyingine. Breki ya chuma haina waya wa kukatika mteremkoni. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi yeyote wa jua kali huichomelea kwa saa moja, na fremu ya siku hizi iliyo nyepesi ikipasuka hutupwa. Gololi hununuliwa moja moja. Tairi la 28 hupatikana katika duka lolote la kijiji kuanzia Kwale mpaka Siaya. Keria hubeba gunia la mahindi, au mke na mtoto, au sanduku la spana. Jumapili mchana, baada ya kanisa, utatukuta uani tumezipindua juu chini, mafuta ya taa katika kopo, kitambaa, mafuta ya mashine kidogo kwenye mnyororo, na watoto wakigombea kuzungusha pedali. Hiyo ni kazi ya fundi anayependa chuma, na nani katika reli hapendi chuma?

Maana tazameni. Pale Jumba la Makumbusho la Reli, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1971, imesimama injini nambari 5918, Mount Gelai, mmoja wa wale Garratt 34 waliotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester na kuletwa katika miaka ya 1955 na 1956. Tani zaidi ya 250, juu ya reli ya mita moja. Hata sisi tuliokuta diseli tukisimama mbele yake tunavua kofia. Hakuna anayesema kuitunza ni kuzoesha watu umaskini. Na kila mwaka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road kuna mashindano ya magari ya kale, yalianza mwaka 1970, na waamuzi huchungulia mpaka chini ya gari kutafuta vumbi. Wenye magari hayo hupigwa makofi na kupewa vikombe. Ni vizuri; kitu kizuri kitunzwe. Lakini gari la mwaka 1955 likiwa la tajiri ni urithi, na baiskeli ya mwaka 1955 ikiwa ya mfanyakazi ni aibu? Tofauti yake ni nini, isipokuwa kwamba ile ya mfanyakazi inafanya kazi hata leo?

Kuna vijana wa mjini ambao wameanza kupenda baiskeli, wanavaa nguo za kubana na miwani na kwenda Jumamosi kwenye njia za Msitu wa Karura. Wengi ni waungwana, hutusalimu. Twawaomba tu, wanapoitwa na wakubwa kuzungumza habari za baiskeli, wakumbuke kwamba njia za msituni haziendi Industrial Area.

Hatusemi kila mtu apande. Anayeumwa magoti asipande, anayekaa mbali sana asipande, na siku ya mvua kubwa hata sisi hupanda matatu na kulia pamoja na wengine. Akina dada wa usafi na wa ofisi wanatuambia wangependa, lakini wanaogopa barabara, na wanaogopa kufika wamejaa jasho mahali ambapo hakuna hata bomba la kuogea lenye mlango. Hilo nalo ni dai. Bafu litamfaa fundi wa karakana aliyejaa grisi sawasawa na aliyepanda baiskeli.

Tunayoyataka yaandikwe katika orodha kabla haijapelekwa kwa mwajiri ni haya. Banda lirudishwe, lenye paa, karibu na lango, na askari apewe amri ya kuandika baiskeli kama anavyoandika gari. Mkopo wa baiskeli usio na riba, ulipwe kidogo kidogo kwa miezi kumi. Kwa bei tulizozitaja hauwezi kumfilisi mwajiri yeyote. Bafu mbili, moja ya wanawake. Na ule mstari juu ya safari ya kuja zamu na kurudi, ili mtu akigongwa asichangiwe kwa kofia. Mkopo wa gari ubaki ukitaka kubaki, lakini uandikwe chini ya haya.

Katibu wa tawi ametuambia dai haliwezi kuingizwa bila majina hamsini. Mpaka tunapoandika tunayo 34, na kati ya hao tisa ni watu wa miguu wasio na baiskeli, wamesema wakipata banda watanunua. Karatasi ya majina iko kwa fundi wa zamu ya usiku na nyingine iko dirisha la tiketi. Mkutano ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule. Njooni na baiskeli zenu, mbovu na nzima. Uani pana nafasi ya magari kumi na moja, na gari moja huchukua nafasi ya baiskeli kumi. Tutaziweka hapo.